Krismasi Yaja: Mfuko na Ufuate Moyo

Na Karani wa Ofisi ya Kilimo

Desemba imefika. Katika sehemu nyingi za nchi yetu mahindi yamekwisha kuvunwa, au yako karibu. Wakulima wa chai walikwisha kupokea malipo yao ya mwisho wa mwaka, yale tunayoyaita bonasi. Watoto wamefunga shule. Magari ya abiria yamejaa, nauli zimepanda, na kila duka limetundika karatasi za kumetameta mlangoni. Ni mwezi wa furaha, na furaha si kosa. Mtu aliyeinama shambani miezi kumi na mmoja ana haki ya kula pilau pamoja na jamaa yake.

Lakini yafaa nikuulize swali moja kabla hujashika njia ya sokoni. Fedha hiyo iliyo mfukoni itatumiwa kwa shauri la nani? Je, ni shauri lako wewe na watu wa nyumba yako? Au ni shauri la mwenye duka, na la jirani aliyenunua kiti kipya, na la shemeji anayekuja kutoka mjini na maneno mengi?

Makala hii haikukatazi kununua, wala haikukatazi kutoa. Inakuomba jambo moja tu: kununua kwako na kutoa kwako kwa sikukuu kulingane na yale unayosema kwamba unayathamini.

MFUKO HAUJUI KUSEMA UONGO

Mwulize mtu yeyote ni mambo gani anayoyathamini katika maisha, naye atakujibu vizuri. Atasema, "Mimi nataka watoto wangu wasome. Naipenda ardhi yangu. Sipendi deni. Napenda kumsaidia maskini." Ni maneno mazuri, na pengine ayasema kwa moyo wa kweli.

Sasa mwombe akuonyeshe fedha zake za Desemba iliyopita zilikwenda wapi. Siku hizi si vigumu kujua, kwa maana simu imemwandikia hesabu yote bila kuombwa. Katika ujumbe wa M-Pesa ataona kila shilingi aliyotuma, siku na saa. Pengine ataona kwamba elimu aliyoisifu haikupata kitu, ardhi aliyoipenda haikupata hata mfuko mmoja wa mbegu, na maskini aliyemhurumia alipata mia moja, hali vinywaji vya wageni vilichukua elfu sita.

Mtu huyo si mwongo. Hakukaa chini kufikiri, basi. Aliingia Desemba kama mtu aingiaye mtoni wakati wa mafuriko, na maji yakamchukua. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari.

Nasi wote twajua Januari huwaje. Shule zafunguliwa. Mtoto asimama mlangoni na orodha ya karo, vitabu na sare, na baba atazama chini. Mwezi wa Machi mvua za masika zaja, na mkulima aanza kutafuta mkopo wa mbegu. Gunia la mahindi la kilo 90 aliloliuza Desemba, wakati kila mtu auza na bei iko chini, mara nyingi atalazimika kulinunua tena mwezi wa Mei au Juni kwa bei kubwa zaidi. Hivyo amelima mahindi yake, akayauza rahisi, akayanunua ghali. Katikati ya safari hiyo palikuwa na sikukuu ya siku mbili.

ANDIKENI KWANZA, NUNUENI BAADAYE

Basi jioni moja kabla ya wiki ya Krismasi, kaa mezani na mkeo au mumeo, na watoto wakubwa wawepo. Kila mmoja apewe karatasi yake na kalamu. Kila mmoja aandike mambo matano ambayo aona ni ya maana kuliko yote kwa nyumba hii. Msionyeshane mpaka wote wamemaliza. Kisha someni kwa sauti.

Mtashangaa. Pengine baba ameandika "heshima" na mama ameandika "paa la jikoni". Pengine mtoto ameandika "kwenda kumwona nyanya". Hapo ndipo mazungumzo ya kweli yaanzapo. Chagueni matano ambayo nyote mmekubaliana, mkayaandike kwenye karatasi moja na kuibandika ukutani.

Hatua ya pili ni hesabu. Tuchukue mfano wa mkulima aliye na shilingi 40,000 za Desemba. Huu ni mfano tu, kama zile hesabu za shuleni. Wewe weka tarakimu zako mwenyewe. Atwae bahasha tano na kuzigawa hivi:

Karo, vitabu na sare za Januari: sh. 15,000
Mbegu na mbolea za masika: sh. 9,000
Sikukuu ya nyumbani, yaani chakula, nguo na nauli: sh. 8,000
Kutoa kwa wengine: sh. 4,000
Akiba ya ugonjwa na dharura: sh. 4,000
Jumla: sh. 40,000

Tazama mambo mawili katika hesabu hiyo. La kwanza, kutoa kuna bahasha yake. Hakungojei mabaki. Mtu anayengoja kuona kitakachobaki ndipo atoe, kwa kawaida hubakiwa na mifupa. La pili, bahasha ya sikukuu ikiisha, imekwisha. Haifai kuifungua ya karo na kusema, "Nitarudisha." Wala haifai kuijaza kwa mkopo wa simu. Mkopo huo una gharama yake, na gharama hiyo italipwa Januari ileile yenye karo.

Kama fedha zote huwa katika simu, bahasha za karatasi zaweza kukosa kazi. Basi peleka fedha za karo katika akaunti ya ushirika au benki, au ulipe sehemu ya karo mapema moja kwa moja shuleni ukapewe risiti. Mbegu waweza kuzinunua sasa na kuziweka mahali pakavu pasipo joto. Fedha iliyokwisha kufanya kazi yake haiwezi kupotea sokoni.

MKULIMA ANUNUE KAMA MKULIMA

Sasa twende sokoni. Hapa kuna jambo linalonisumbua sana nikiwasikiliza wakulima wanaokuja ofisini. Mkulima hulalamika kwamba bei ya maziwa ni mbaya, bei ya viazi ni mbaya, na dalali ni mnyonyaji. Anasema kweli. Lakini mkulima huyohuyo afikapo sokoni mkesha wa Krismasi, amkuta mama ameketi juani na mafungu ya vitunguu, naye ambana kwa shilingi tano mpaka mama achoke. Kisha aingia dukani na kulipa bei iliyoandikwa kwenye biskuti za kutoka ng'ambo bila kusema neno.

Ikiwa unaamini kwamba jasho la mkulima lina thamani, basi liamini hata pale wewe ndiwe mnunuzi. Bei ya haki ni sadaka nzuri, tena haimwaibishi mtu.

Kuna mifano mingi ya vitu vya sikukuu vinavyotoka katika mikono ya watu wetu. Mchele wa pilau hulimwa Mwea katika Kaunti ya Kirinyaga, katika skimu iliyoanza miaka ya 1950, na pia Ahero karibu na Kisumu. Lakini angalia, kuna wafanyabiashara wanaochanganya mchele wa nje na kuuita wa Mwea, kwa hiyo nunua kwa mtu umjuaye. Asali yatoka Baringo na Kitui. Ukitaka zawadi ya kudumu, kuna vinyago vya mbao vya Wamunyu katika Machakos, na vyombo vya mawe laini vya Tabaka katika Kisii. Kuna viondo vya mkonge vinavyosukwa na akina mama wa Ukambani na wa Kati.

Na kwa kuwa tumetaja kiondo, kumbuka kwamba mifuko ya plastiki ya kubebea bidhaa ilipigwa marufuku katika Kenya tangu tarehe 28 Agosti 2017. Mtu anayekwenda sokoni na kiondo chake hana haja ya kununua mfuko kila dukani. Kiondo hicho kitadumu miaka mingi, mama aliyekisuka amepata riziki yake, na ng'ombe wako hatakufa kwa kumeza mfuko uliotupwa malishoni. Ona jinsi kitu kimoja kilivyotimiza mambo matatu tuliyosema tunayathamini!

Kabla ya kulipa fedha kwa kitu chochote cha sikukuu, jiulize maswali manne haya:

1. Je, tungalikinunua kama jirani asingalikiona?
2. Kitadumu mpaka lini? Kiatu cha bei rahisi kinachopasuka kabla ya Pasaka ni ghali kuliko kiatu imara.
3. Ni nani aliyekifanya, na je, amepata haki yake?
4. Je, kimelipwa kwa fedha iliyopo, au kwa fedha ya Januari?

Jibu likiwa baya kwa maswali mawili, kirudishe mezani na uage kwa adabu.

ZAWADI ISIYOLETA MSIBA

Mahali pengi desturi ni kupeleka zawadi ya shamba: kuku, mbuzi, gunia la mahindi, mche wa ndizi. Hizi ndizo zawadi bora za mkulima. Lakini kama mtu wa ofisi ya kilimo, sina budi kukuonya kwamba zawadi yaweza kubeba madhara ndani yake.

Anza na kuku. Wakati wa sikukuu kuku husafiri kuliko watu. Huyu apelekwa kwa mama mkwe, yule anunuliwa sokoni, mwingine arudishwa kwa sababu hakuchinjwa. Pamoja nao husafiri ugonjwa wa kideri, ambao huweza kumaliza banda zima kwa siku chache. Ukipewa kuku wa kufuga, mtenge mbali na kuku wako kwa muda wa wiki mbili ukimtazama. Nawe ukitaka kumpa mtu kuku, wachanje kuku wako mapema kabla ya mwezi wa safari. Chanjo ni ya bei ndogo. Ni aibu kubwa kumpelekea mjane kuku mmoja ambaye atamwulia kuku wake kumi.

Mche wa ndizi au vijiti vya muhogo usivitoe katika shamba lenye ugonjwa. Mnauko wa migomba huhama pamoja na machipukizi namna hiyohiyo. Toa mche wako ulio mzima kabisa, au usitoe.

Nyama nayo ina sheria zake. Mnyama aliyekufa mwenyewe asiliwe, wala asigawiwe maskini kwa jina la huruma. Kimeta hakitambui sikukuu. Ng'ombe au mbuzi wa kusafirishwa apate cheti cha ofisi ya mifugo, na nyama ipimwe na mkaguzi. Vile vikundi vinavyochanga fedha mwaka mzima ili kununua fahali wa Krismasi vyafanya jambo zuri sana, nao wasiache kumwita mkaguzi kwa kuogopa ada ndogo.

Lakini kuliko yote nataka ukumbuke mahindi. Mwaka 2004, katika wilaya za Mashariki kama Makueni na Kitui, watu 317 waliugua kwa sumu ya kuvu iitwayo aflatoksini, na watu 125 wakafa. Walikula mahindi ya nyumbani yaliyohifadhiwa na unyevu. Kwa nini nayataja hapa katika habari za kutoa? Kwa sababu kuna desturi mbaya, ambayo haina jina lakini twaijua. Gunia likiota kuvu, mtu asema, "Hili si la kuliwa na watoto wangu. Wape wale maskini." Au asema, "Wape kuku." Ndugu msomaji, sumu hiyo haiondoki kwa kupikwa. Maskini ana ini kama lako. Mahindi yaliyoota kuvu hayafai kwa mtu wala kwa mnyama. Yaharibiwe, na uulize ofisi ya kilimo iliyo karibu namna ya kufanya. Mahindi ya kutoa na yawe yale yale ya kula kwako, yaliyokaushwa mpaka unyevu usizidi asilimia 13.5 na kuwekwa juu ya mbao, si juu ya sakafu.

Hapa ndipo utakapojua kama unamthamini maskini kweli. Yule unayemthamini humpi kile unachokiogopa.

Wenzetu Waislamu wana desturi ambayo kila mkulima aweza kujifunza kwayo. Mwisho wa Ramadhani hutoa zaka ya fitri, nayo ni kipimo cha chakula kilekile ambacho watu wa mahali pale hula, kama mchele au unga au mahindi. Tena hutolewa kabla ya sala ya Idd, si baadaye. Maana yake ni kwamba fukara naye aamke siku ya sikukuu akiwa na chakula ndani ya nyumba. Tazama mambo mawili: chakula ni kile kile cha mtoaji, na wakati ni kabla ya karamu. Hata mtu wa dini nyingine aweza kuyaweka mambo hayo mawili katika Krismasi yake.

KUTOA KWA AKILI

Kutoa ni moyo, usambe ni utajiri. Methali hiyo ni ya kweli, na sisi Wakenya twaijua kwa vitendo. Neno Harambee, ambalo Mzee Jomo Kenyatta alilifanya mwito wa taifa mwaka 1963, limo hata katika ngao ya taifa letu. Shule nyingi, zahanati na mabirika ya maji yalijengwa kwa michango ya watu wa kawaida. Mwaka 2011, njaa ilipowashika ndugu zetu wa kaskazini, watu walichanga mamia ya mamilioni ya shilingi katika kampeni ya Kenyans for Kenya, na wengi walituma kiasi kidogo tu kwa simu. Ukame ulirudi, na tangu mwishoni mwa 2020 mpaka mwishoni mwa 2022 misimu mitano ya mvua ilikosa kufuatana. Haba na haba hujaza kibaba.

Lakini kutoa kunahitaji macho. Desemba ni mwezi wa kadi za michango na wa vikundi vya WhatsApp vya harambee, tena ni mwezi wa wadanganyifu. Usione haya kuuliza maswali matatu kabla ya kutoa: Fedha hizi ni za kazi gani hasa? Ni nani anayezitunza, na jina lake limeandikwa wapi? Hesabu itasomwa lini, mbele ya nani? Mtu mwaminifu hafadhaiki kwa maswali hayo. Hufurahi, kwa sababu yamsaidia.

Chama cha hisani kinachoomba michango na kionyeshe cheti chake cha kuandikishwa. Sheria ya Mashirika ya Manufaa ya Umma, iliyopitishwa mwaka 2013, ilianza kutumika tarehe 14 Mei 2024. Vikundi vya kijijini navyo vina sheria yao ya kuandikishwa ya mwaka 2022. Shirika la Msalaba Mwekundu la Kenya lina sheria yake tangu mwaka 1965. Ukipata ujumbe wa simu unaoomba fedha kwa jina la shirika lolote, usitume kwa namba iliyo katika ujumbe ule. Tafuta namba ya ofisi yenyewe, au mwulize chifu.

Jambo jingine ni ahadi za hadharani. Msemaji wa harambee akikuita kwa jina na watu wakapiga makofi, ni rahisi kutaja elfu kumi. Lakini ahadi ni deni. Kama bahasha yako ya kutoa ina elfu nne, taja elfu moja na uilipe palepale. Heshima ya elfu moja iliyolipwa yapita heshima ya elfu kumi iliyotajwa.

WATOTO YATIMA NA BIBI WA JIRANI

Kila Desemba watu wengi wenye huruma hupakia unga, sabuni na nguo kuukuu, wakaenda katika nyumba za kulelea watoto, wakapiga picha, wakarudi. Nia yao ni njema. Lakini yafaa tujue kwamba mashauri yamebadilika. Mwezi wa Novemba 2017 Serikali ilisimamisha kuandikisha nyumba mpya za namna hiyo, na mwaka 2022 ilitangaza mpango wa miaka kumi, mpaka 2032, wa kuwarudisha watoto kidogo kidogo katika jamaa zao au katika jamaa nyingine zitakazowalea. Sababu ni kwamba watoto wengi walio katika nyumba hizo wana mzazi aliye hai, au shangazi, au bibi. Si kukosa watu kulikowapeleka huko. Mara nyingi ni kukosa chakula na karo.

Sasa fikiri jambo hili. Katika kijiji chako hakika yuko bibi anayelea wajukuu wanne peke yake. Hana bango barabarani. Hana mtu anayempiga picha. Lakini yeye ndiye nyumba ya kulelea watoto iliyo bora kuliko zote, kwa maana watoto wako kwao na wanajua jina la babu yao. Akishindwa, hao wajukuu watatawanyika. Gunia moja la mahindi makavu, sare mbili za shule mwezi wa Januari na siku moja ya kumtengenezea paa huenda ndivyo vitakavyowaweka pamoja.

Sisemi kwamba uwasahau watoto ambao leo wako katika nyumba za kulelea. Wao pia hula na kuvaa. Lakini kabla ya kwenda, mwulize afisa wa watoto katika kaunti ndogo yako kama nyumba ile imeandikishwa na wanahitaji nini hasa. Ukiona mtoto anateswa au kutupwa, piga simu namba 116, ambayo haina malipo.

Na nguo kuukuu? Ikiwa ni nzima, imefuliwa na vifungo vipo, ni zawadi. Ikiwa imechanika, ni kitambaa cha kupangusia meza, nawe unayo meza.

Tena, mpe mtu kwa namna ambayo wewe ungependa kupewa. Mpelekee jioni bila kelele, ukae kidogo, ule alichokipika, hata kama ni viazi vitamu vitupu. Mkaribishe naye nyumbani kwako siku ya sikukuu, akae mezani pamoja na wageni wengine. Akikuletea mboga za shambani mwake, zipokee kwa mikono miwili. Mtu anayetoa hajihesabu kuwa ombaomba.

VITU AMBAVYO HAVINUNULIWI

Kuna msomaji ambaye tangu mwanzo amekuwa akisema moyoni, "Huyu karani anazungumza habari za elfu arobaini, nami mwaka huu mvua zilinikimbia. Sina hata elfu nne." Ndugu yangu, makala hii ni yako pia, pengine kuliko ya wengine, kwa maana asiye na kitu ndiye anayesukumwa zaidi kukopa ili asionekane hana.

Waambie watoto kweli. Mtoto wa miaka minane aweza kuelewa maneno haya: "Mwaka huu hatununui nguo mpya, kwa sababu tumechagua wewe urudi shuleni siku ya kwanza." Mtoto anayeambiwa hivyo amepewa kitu kikubwa. Amejua kwamba katika nyumba ile mambo huchaguliwa, na kwamba yeye ndiye aliyechaguliwa.

Zawadi za mikono zipo. Waweza kumlimia mgonjwa robo eka. Waweza kumfundisha jirani kutengeneza mbolea ya samadi. Waweza kumpa mpwa wako miche mitatu ya parachichi uliyoiotesha mwenyewe na kumsaidia kuichimbia mashimo. Katiba yetu ya mwaka 2010 yataka angalau asilimia kumi ya nchi iwe na miti. Basi kama watoto wataka tawi la kupamba nyumba, lipogoe kutoka mti wako mkubwa, usiukate mche, na mvua ikipatikana mpande mti mmoja pamoja. Waweza pia kumsomea barua mzee asiyeona, au kwenda kumwomba radhi ndugu ambaye hamkusemezana tangu ile kesi ya mpaka wa shamba. Hiyo ya mwisho haigharimu senti, lakini ni ghali kuliko fahali, nami najua kwa nini wengi hununua fahali.

Basi ndugu msomaji, ile karatasi yenye mambo matano iache ukutani mpaka wiki ya kwanza ya Januari. Jioni moja, mtoto aliye hodari wa kusoma aisome kwa sauti, na mwingine asome matumizi ya Desemba kutoka daftari au simu. Palipolingana, shukuruni. Pasipolingana, msigombane, andikeni tu pembeni, ili Desemba ijayo mjue pa kuanzia. Kisha lala mapema, kwa maana ng'ombe hajui kwamba sikukuu imekwisha, wala hakujua kwamba ilianza. Alfajiri atakungoja.

Nawatakieni nyote Krismasi njema, na Januari isiyo na aibu.